Refa wa Vidonge

Kwenye kiti changu cha kunyolea hukaa watu wa kila namna, na wote, wakishafungwa kitambaa shingoni, huwa wanajua mpira kuliko waliousomea. Ndiyo maana kwa miaka mingi nilikuwa sikimbilii kuwaambia kwamba refa wanayemtukana ni dada yangu, mtoto wa kwanza wa mama yangu. Nilikuwa nawaacha wamalize. Mtu akishamwaga yote aliyonayo, nami nimeshika wembe nyuma ya sikio lake, ndipo namwambia taratibu, "Yule ni dada yangu, tumbo moja." Hakuna aliyewahi kuendelea.

Siku za kazi dada ni fundi miwani. Kazi yake iko kwenye chumba cha nyuma cha duka, ambako wateja hawafiki. Anasaga lenzi mpaka iingie kwenye fremu bila kupwaya na bila kubana. Chumba chenyewe kina mashine mbili, sinki, taa ya mezani yenye shingo ndefu, na vumbi jeupe linaloganda hadi kwenye kope. Kwa hiyo mashabiki wakimpigia kelele, "Refa, kanunue miwani!" yeye hucheka moyoni. Siku moja uvumilivu ulimwisha, akamgeukia mmoja aliyekaa karibu na kibendera cha kona, akamwambia, "Njoo Jumatatu dukani, nikutengenezee na yako." Upande ule wote wa jukwaa ukavunjika mbavu, na yule bwana akacheka pia.

Uwanjani wanamwita Saa Mbili, kwa sababu huvaa saa mkono wa kulia na nyingine mkono wa kushoto. Moja inakwenda mfululizo, nyingine anaisimamisha kila mchezo ukisimama. Shuleni alikuwa kipa. Goti likamharibikia, akaambiwa asidake tena. Mwalimu wa michezo akamkuta amekaa pembeni ameshika tama, akamtupia filimbi, akasema, "Wewe umezoea kukaa golini ukiwapanga wenzako kumi. Haya, sasa wapange wote ishirini na wawili." Tangu siku ile hakuiweka chini. Alianza na mechi za watoto kwenye viwanja ambavyo magoli yake ni miti bila nyavu, akapanda daraja moja baada ya jingine, mwaka hadi mwaka, mpaka akawa anachezesha ligi. Kwenye orodha ya waamuzi arobaini na watatu wa chama chetu, mwanamke alikuwa yeye peke yake. Miaka ya mwanzo hakukuwa na chumba chake cha kubadilishia nguo, alikuwa anavalia stoo ya mipira, akiwa amebanwa kati ya nyavu kuukuu na ndoo za chokaa. Hakulalamika. Alikuwa anatoka humo na soksi zimenyooka kama zimepigwa pasi.

Sikuona ugonjwa ulipoingia. Nalisema hili kwa aibu kidogo, maana kazi yangu ni kutazama vichwa vya watu.

Baadaye kila mtu alitaka sababu. Mama alikaa akahesabu kwa vidole: hakufiwa, hakuachwa, hakufukuzwa kazi, goti lilishapona. Hakupata kitu. Dada usingizi ulianza kumwisha kabla ya alfajiri, anabaki macho kodo. Chakula kikawa kama karatasi. Simu ikilia anashtuka kama amepigwa kofi, hata kama ni mimi tu nauliza habari za asubuhi. Kazini akasaga lenzi ya jicho la kulia akaipachika kushoto, kosa ambalo hakuwa amelifanya tangu alipokuwa mwanafunzi. Mwenye duka hakumgombeza. Alimwambia aende nyumbani apumzike, akaenda, akalala, akaamka amechoka kuliko alivyolala.

Kisha ikaja ile mechi. Ilikuwa mechi ya kawaida kabisa, timu mbili za katikati ya msimamo, na mimi nilikuwa jukwaani. Dakika ya thelathini na kitu mpira ukapigwa krosi, beki akauzuia kwa mkono ndani ya kumi na nane. Mkono wazi. Hata muuza maji aliyekuwa ameupa mgongo uwanja aliuona. Dada alikuwa hatua kumi kutoka pale, filimbi mdomoni, macho kwenye mpira. Filimbi haikulia. Nilimwona amesimama wima, mabega yamepanda, kama mtu anayesubiri gari limgonge. Mpira ukaendelea, nusu ya uwanja wakishika vichwa, mpaka mshika kibendera akapunga bendera yake na kupunga, na ndipo dada akapuliza, kifilimbi kidogo kama cha mtoto. Alimaliza kipindi cha kwanza. Cha pili alimwachia mwamuzi wa akiba.

Nilimfuata kwenye chumba cha waamuzi. Alikuwa amekaa kwenye benchi, saa zake zote mbili amezivua ameziweka pajani.

"Hukuona?" nikamuuliza.

"Niliona. Niliona kama ninavyokuona wewe. Mdogo wangu, tangu asubuhi moyo unakimbia. Tangu jana. Tangu mwezi uliopita. Mikono baridi, mdomo mkavu, na mechi haijaanza. Ilipotokea ile kwenye kumi na nane, nilikuwa sina tena mahali pa kuweka hofu nyingine."

Jumatatu yake akaenda ofisini kwa chama, akaweka filimbi, kadi na jezi mezani kwa karani, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Wiki tatu zilizofuata alikuwa anatoka kitandani kwenda kazini na kutoka kazini kurudi kitandani. Jumanne moja mchana, dukani kwangu hakuna mteja, akaingia. Hakusalimia. Akakaa kwenye kiti.

"Ninyoe."

"Kiasi gani?"

"Zote."

Nywele zile alikuwa anazitunza tangu tukiwa wadogo, alikuwa hata haniruhusu nizishike. Nikacheka. "Umeweka nadhiri, au umegombana na msusi?"

"Sina nguvu ya kuzichana," akasema.

Nikamtazama kwenye kioo, nikaacha kucheka. Uso ulikuwa wa dada, lakini ni kama aliuacha pale akaenda zake. Niliwasha mashine nikamnyoa, kwa sababu ndicho alichoomba na ndicho nilichokijua. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, nami nikawa nayafuta pamoja na nywele kwa brashi ya poda. Nilipomaliza nikamwambia, "Kesho tunakwenda hospitali."

"Siumwi popote."

"Dada, wewe unayekimbia dakika tisini, leo umeshindwa na kitana. Kesho asubuhi nakupitia."

Daktari aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na tabia ya kuuliza swali kisha akangoja jibu hata kama litachukua muda. Dada alitaka nibaki chumbani, nikabaki, nimekaa kwenye kiti cha pembeni kama mshika kibendera. Aliulizwa mengi: usingizi, chakula, kazi, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Hilo la mwisho alijibu hapana. Mwisho daktari akasema ugonjwa huu una jina, ni sonona, unatibika, na si uvivu wala si udhaifu wa imani.

"Na ule moyo unaokimbia?" dada akauliza. "Maana huzuni naielewa. Mwili ndio siuelewi."

Daktari akavuta karatasi, akachora kichwa, na chini yake figo mbili zenye kofia.

"Ukishtuka, ubongo unatuma ujumbe. Ujumbe unapitia kituo kimoja hadi kingine mpaka kwenye tezi hizi, zilizokaa juu ya figo. Tezi zinamwaga homoni kwenye damu. Homoni hiyo ndiyo inayokuandaa: sukari inapanda, unakuwa macho, uko tayari kwa lolote. Ni jambo jema hilo, bila hiyo tusingeishi. Kisha homoni ile ile inarudi mpaka kwenye ubongo, inauambia, 'Imetosha, nimeshafika.' Ubongo ukilisikia neno hilo unaacha kuita."

"Na mimi?"

"Kwa baadhi ya watu wenye sonona, si wote, inaonekana ubongo haulisikii vizuri hilo neno la imetosha."

"Kwa hiyo unaendelea kuita."

"Unaendelea kuita. Hata kama hakuna kitu."

Dada aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi kwa kitu chochote kumvutia.

"Na vidonge vinafanya nini hapo?"

"Vinagusa kemikali ambazo seli za ubongo zinatumia kupelekeana habari. Hilo tunalijua. Lakini wako watafiti wanaosema kwamba vikitumika wiki kadhaa, huenda pia vinausaidia ubongo kulisikia tena lile neno. Wameona dalili hizo kwenye wanyama na kwa wagonjwa kadhaa. Wengine wamepima na hawakuona. Sitaki nikudanganye kwamba tumeshalielewa lote."

Dada akaangua kitu kilichofanana na kicheko. "Nampenda mtu anayesema sijui. Swali la mwisho, Daktari. Vitaniondolea woga? Maana refa asiye na woga kabisa ni hatari kuliko mwoga."

"Hapana. Woga wako utabaki nao. Tunachotafuta ni uje kwa wakati wake na uondoke kwa wakati wake."

Akaandikiwa dawa, akapangiwa pia mshauri wa kuzungumza naye kila wiki, na akaambiwa aanze kutembea, hata kama ni mpaka mwisho wa mtaa.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Tumbo lilimchafuka, akawa anapiga miayo kama simba wa picha, na wasiwasi ukaongezeka badala ya kupungua. Daktari alikuwa ametuonya hayo yote, lakini kuonywa ni kitu kimoja na kuyaishi ni kingine. Wiki ya pili akasema anaacha. Nikamsihi asiache kimyakimya, ampigie daktari kwanza. Alimpigia, akaambiwa anywe asubuhi baada ya kula badala ya jioni, na avumilie kidogo, dawa hizi hazina haraka.

Mama naye alikuwa na lake. "Vidonge vya kichwa? Mwanangu si mwehu." Alisema hivyo mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu dada akamchukua, wakaenda naye kliniki. Sijui daktari alimwambia nini. Najua tu kwamba tangu siku ile kila asubuhi mama alikuwa anasimama mlangoni kwa dada na glasi ya maji, kama askari wa zamu, na hatoki mpaka aone kidonge kimeshuka. "Fungua mdomo," anasema. "Mama, nina miaka thelathini na tisa," anasema dada. "Nimesema fungua."

Ilikuwa wiki ya sita, Jumapili mchana, tumekaa sebuleni, redio inatangaza mpira. Mtangazaji akasema mshambuliaji ameotea. Dada alikuwa amejilaza kwenye kochi, amejifunika uso kwa khanga. Kutoka chini ya khanga ikatoka sauti: "Hawezi kuwa ameotea, mpira umetoka kwenye kona."

Mimi na mama tukatazamana. Mama akaweka kidole mdomoni kuniambia ninyamaze.

"Mtangazaji hajui sheria," dada akaendelea, akaitoa khanga usoni. "Mpira ukipigwa moja kwa moja kutoka kona hakuna kuotea. Mtu kama huyo anapewaje kipaza sauti?" Akakaa. Akaomba chai. Mama akavua miwani, akaenda jikoni, nikamsikia anapenga kamasi.

Kuanzia hapo akaanza kupanda, si kwa mbio na si kwa mstari ulionyooka. Alikuwa na siku za kurudi nyuma. Lakini alitembea mpaka mwisho wa mtaa, kisha mitaa miwili, kisha akaanza kukimbia asubuhi, nami namfuata na baiskeli huku natweta kuliko yeye.

Maneno hayana miguu lakini yanafika. Siku moja alikaa kwenye kiti changu kocha wa timu kubwa ya hapa kwetu, mtu mwenye kifua mbele na sauti ya kujaza chumba. Nilikuwa nimeshamnyoa upande mmoja aliposema, "Nasikia yule Saa Mbili anameza vidonge vya vichaa. Akirudi uwanjani atatuchezesha mpira huku amesinzia. Refa wa vidonge!"

Nikazima mashine.

"Kocha," nikamwambia, "nusu ya kichwa chako bado. Ukitaka nimalize, hilo usilirudie humu ndani."

Akajitazama kwenye kioo, upande mmoja mtu mzima, upande mwingine kichaka. Akainamisha kichwa nimalizie.

Nilimpelekea dada habari nikiwa na roho mkononi, nikidhani itamwangusha. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Alisema vya vichaa, au vya usingizi?"

"Alianza na vichaa, akamalizia na usingizi."

"Basi hata anachokisema hakijui." Akafungua kabati, akatoa sketi yake ya suti. "Wataniita kwenye kamati. Sitaki waniite. Nitakwenda mwenyewe."

Kamati ya waamuzi ilikuwa inakaa Alhamisi, wanaume watano nyuma ya meza ndefu, chini ya feni iliyokuwa inazungusha joto lile lile. Mlango waliuacha wazi kwa ajili ya hewa, kwa hiyo mimi niliyekuwa kwenye benchi la nje nilisikia kila kitu.

"Sikuja kuomba msamaha kwa kuugua," dada alianza. "Nimekuja kuomba filimbi yangu. Niliirudisha nilipoona sifai. Sasa naona nafaa, na nina barua ya daktari."

Karatasi zikapita mkono kwa mkono. Mwenyekiti akakohoa. "Tumesikia unatumia dawa kila siku. Hilo ndilo linalotupa shida kidogo."

"Mwenyekiti, niulize kwa heshima zote: nani mwingine humu ndani anameza dawa kila siku?"

Mwenyekiti mwenyewe akasema, "Mimi ninayo ya presha."

"Na unaongoza chama vizuri."

"Ya presha haigusi kichwa," mjumbe mmoja akadakia.

"Presha yenyewe inagusa," mwenyekiti akajibu, na wenzake wakacheka, na nikajua kwamba upepo umegeuka.

Daktari wa chama alikuwa ameshapitia orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, akasema hii haimo. Lakini yule mjumbe hakuridhika. "Binti, tuseme ukweli. Mechi ikiwaka moto, utaweza?"

"Sijui," dada akasema. "Nawe hujui, kwa refa yeyote uliyemwandika kwenye orodha yako, mpaka iwake. Nipeni jaribio lile lile mnalowapa wengine. Lisipunguzwe hata hatua moja. Nikishindwa, mnajua kwamba njia ya kuirudisha filimbi naijua."

Wakampa tarehe ya jaribio. Kukimbia mita sabini na tano, kutembea ishirini na tano, na tena, mara arobaini, na filimbi inakuhesabia sekunde bila huruma. Walisimama kumi na wanane kwenye mstari. Nilikuwa nje ya uzio nikihesabu kwa sauti. Mzunguko wa ishirini na nne vijana wawili wakakaa chini. Wa thelathini na moja akatoka mwingine, anatapika. Dada alikuwa amekaza macho mbele, kichwa chake kilichoanza kuota nywele kinang'aa kwa jasho. Wanne zaidi wakaachia njiani, wakamaliza kumi na moja. Yeye alikuwamo, na hakukaa chini hata baada ya kumaliza, alibaki amesimama, mikono kiunoni, akiwapigia makofi waliokuwa nyuma yake.

Walianza kumpa mechi ndogo ndogo, na mwisho wa msimu wakampa ile ambayo wengi waliikwepa: timu ya yule kocha ikiwa nyumbani, na mshindi anapanda daraja. Wageni walikuwa wanahitaji sare tu. Mama akasema naye anakwenda. Hakuwahi kukanyaga uwanjani hata siku moja. Alivaa viatu vyake vya harusi za watu, akakaa kati yangu na mwanamume mmoja mnene mwenye vuvuzela.

Dakika ya themanini na nane, bao moja kwa moja. Winga wa nyumbani akaingia kwa kasi, beki akamkwatua, wakaanguka wote wawili kwenye vumbi la chokaa. Filimbi ikalia kwa nguvu, na mkono wa dada ukaelekea kwenye nukta ya penalti. Uwanja ukalipuka. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Wachezaji wa wageni wakamzingira, vifua mbele, mishipa ya shingo imewatoka.

Nikaona mabega yake yanapanda. Nikajua namna ile ya kusimama. Nikajikuta nimeshika mkono wa mama kwa nguvu hadi akanipiga kofi.

Kisha dada akageuza shingo. Mshika kibendera wake alikuwa hajakimbilia kona kama inavyotakiwa ikiwa ni penalti. Alikuwa amesimama pale pale, mkono sikioni, ishara ya kutaka wazungumze, anamtazama. Dada akawasukuma wachezaji kwa viganja vilivyo wazi, akatoka katikati yao, akaenda kwake kwa mwendo wa kawaida. Wakazungumza, si zaidi ya sekunde kumi. Akarudi. Akasimama nje ya mstari wa kumi na nane, hatua moja kutoka kwenye mstari, akaonyesha chini. Faulo. Si penalti.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Kocha alitupa chupa ya maji uwanjani, na dada akamfuata, akamwonyesha kadi ya njano bila kupandisha sauti, akarudi kupanga ukuta. Chupa nyingine zikafuata. Na yule jirani yetu mnene akasimama juu ya kiti, akaanza kumtukana refa, na kama ilivyo desturi ya viwanjani, hakumwacha mama yake refa.

Mama akasimama naye. Kimo chake kinamfikia kifuani.

"Mama yake ndiye mimi," akasema. "Haya, endelea."

Yule bwana alitazama huku na huku. Vuvuzela ikashuka. "Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Sasa kaa chini utazame mpira."

Akakaa. Faulo ikapigwa, ikagonga ukuta. Mechi ikaisha sare, wageni wakapanda daraja, na dada akatoka uwanjani katikati ya wasaidizi wake bila kukimbia.

Nilimuuliza baadaye nyumbani, miguu yake ikiwa kwenye beseni la maji ya moto, "Moyo ulikuwaje?"

"Ulipiga, mdogo wangu, usiniulize. Mikono ikapoa, mdomo ukakauka, kila kitu kama siku ile. Nikasema basi, nimeganda. Halafu nikaona shingo inageuka. Nilipofika kwa mwenzangu nilikuwa nasikia kila neno lake. Akaniambia mguu ulikuwa nje, mimi nilizibwa na mgongo wa beki. Na tulipoanza tena mpira, moyo ukaanza kushuka wenyewe. Nausikia kabisa unashuka." Akatabasamu peke yake. "Unajua ni muda gani sikuwa nimeusikia ukishuka?"

Alipomsimulia daktari, daktari alifurahi, lakini hakuchukua sifa. Alisema inaweza kuwa ni dawa, inaweza kuwa ni mazungumzo na mshauri, au mazoezi, au muda wenyewe, au vyote kwa pamoja, na kwamba hana kipimo cha kumwonyesha ni kipi hasa kilichofunga bao hilo.

"Andika goli la timu," dada akamwambia.

Kamati ilitazama picha za video, na mguu ulikuwa nje kwa hatua moja kamili. Kocha alirudi kwenye kiti changu baada ya wiki mbili. Nilipomfunga kitambaa shingoni akasema, "Nimeitazama mara nne. Ilikuwa nje." Nilimnyoa vizuri kuliko siku zote.

Yapo mengine ambayo hayakwenda kama hadithi. Mwaka uliofuata daktari alijaribu kumpunguzia dawa kidogo kidogo, usingizi ukaanza kuharibika tena, wakarudi kwenye kipimo cha awali. Dada alilia siku moja, kisha akasema ni kadi ya njano tu, hajatolewa nje. Hadi leo anazinywa, na hazifichi. Mwaka huo huo alipandishwa daraja la kwanza. Beji aliishona mwenyewe kwenye jezi, na mama akaichukua ile jezi akapita nayo nyumba hadi nyumba akidai anatafuta uzi wa rangi yake.

Mwezi uliopita aliitwa kufundisha kwenye semina ya waamuzi. Nilikwenda kumpelekea projekta niliyomwazimia, nikabaki nimesimama nyuma ya ukumbi. Alifundisha sheria ya kuunawa mpira, akafundisha namna ya kusimama wakati wa kona, na zilipobaki dakika kumi akafunga kitabu. Akawasimulia siku ambayo filimbi haikulia. Akawachorea kichwa ubaoni, na figo mbili zenye kofia, akawaeleza lile neno la imetosha, akaongeza kwamba wataalamu wenyewe bado wanabishana. Hakulia, hakutia chumvi. Alisimama mbele ya wanaume wale kama anavyosimama katikati ya uwanja kabla ya kurusha sarafu, na mimi nyuma kule nilikuwa nimevimba kifua hadi vifungo vinalalamika.

Alipouliza kama kuna swali, akasimama mwamuzi mmoja, pande la mtu, anayesifika kwa kutoa kadi nyekundu bila kupepesa macho.

"Huyo daktari," akasema, akaitazama kofia iliyokuwa mikononi mwake, "anapokea wagonjwa siku gani?"

"Jumatano," dada akajibu, kama mtu aliyeulizwa saa. "Lakini wahi, foleni huwa ndefu. Ukitaka, nitakusindikiza."